Saturn: Kampuni ya Magari Iliyowapigia Wateja Makofi, Kisha Mama Yake Akaiua Pole Pole

Mwaka juzi brathe yangu alinivuta twende naye kwa yadi moja ya magari pande za Ngong Road. Alikuwa ameweka doo miaka mitatu, anataka Vitz. Broka wa kwanza akatutajia bei. Tukazunguka nyuma ya ile gari kucheki matairi, broka wa pili akatutajia bei ingine, juu kwa 80,000. Ndai ni ile ile, yadi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba wa pili alikuwa ameona simu ya brathe mkononi.

Sasa wewe fikiria duka la magari ambapo bei imeandikwa kwa kibandiko na hiyo ndiyo bei ya kila mtu, uje na suti ama uje na ndala. Hakuna broka wa kukuvuta kando. Hakuna "ngoja niongee na bosi." Halafu ukimaliza kulipa, wafanyakazi wote wanaacha kazi zao, wanazunguka gari yako mpya, wanakupigia makofi na kukupiga picha. Hii haikuwa ndoto. Ilikuwa Marekani, miaka ya 1990, na kampuni iliitwa Saturn.

Pengine hujawahi kuiona hii gari, na si makosa yako. Karibu zote zilikuwa za usukani wa kushoto, na Kenya hazisajiliwi za kawaida za aina hiyo. Kuna zile chache za usukani wa kulia walizopeleka Japani kuanzia 1997, lakini zilianguka sokoni vibaya wakafunga virago 2001, na kwa ile sheria yetu ya miaka 8 hazina njia ya kuingia. Kwa hivyo usitafute yadi. Lakini stori yake ni tamu, na mwisho wake ni mchungu kuliko vile watu wengi wanajua.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 70 bei ya mafuta ilipaa Marekani, na wasee wa huko wakaanza kuacha yale madude yao makubwa na kununua Toyota Corolla na Honda Civic. General Motors, au GM, ndiyo ilikuwa kampuni kubwa zaidi ya magari duniani. Ilikuwa mama ya Chevrolet, Cadillac, Buick na Pontiac. Walikuwa na pesa, walikuwa na viwanda kila mahali, lakini kutengeneza gari ndogo ambayo mtu anaipenda kuliko Corolla kuliwashinda.

Mwaka 1982 wakaanza mradi wa ndani kwa ndani, na Novemba 1983 mkubwa wao Roger Smith akautangaza kwa umma. Januari 1985 Saturn ikawa kampuni kamili, mali ya GM lakini imewekwa kando ili isiambukizwe tabia za nyumbani. Jina lilitoka kwa ile roketi iliyowapeleka Wamarekani mwezini wakati walikuwa wanashindana na Warusi. Safari hii mbio zilikuwa na Wajapani.

Kiwanda kilijengwa Spring Hill, mji mdogo kusini ya Nashville, jimbo la Tennessee. Na hapo walifanya kitu ambacho GM haikuwa na mazoea nacho: waliketi chini na chama cha wafanyakazi, UAW, wakaandika mkataba mpya kabisa. Wafanyakazi walipangwa kwa vikundi vilivyojiamulia mambo mengi vyenyewe. Mshahara wa msingi ulikuwa chini kidogo ya ule wa viwanda vingine, lakini gari zikitoka poa na malengo yakifikiwa, kuna bonasi. Mwakilishi wa wafanyakazi alikaa meza moja na meneja. Wengi wao walikuwa wamehama na familia zao kutoka viwanda vingine vya GM, mbali sana, kwa sababu waliamini hii kitu.

Gari ya kwanza ilitoka Julai 30, 1990. Roger Smith mwenyewe ndiye aliiendesha kuitoa kiwandani, akiwa na Owen Bieber, mkubwa wa UAW. Smith alikuwa katika siku zake za mwisho kabisa kabla ya kustaafu. Hiyo weka akilini, kwa sababu mtoto aliyependwa na bosi mmoja huwa na shida bosi huyo akienda.

Bei ya ile ya chini kabisa ilikuwa dola 7,995. Na hapa ndipo ujanja wao ulipokuwa, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Ukisikia "bei moja kwa wote" unaweza kudhani ni roho safi tu. La, ilikuwa hesabu. Maduka ya magari Marekani huwa yanashindana mtaa kwa mtaa: ukikataliwa bei hapa, unavuka barabara unaenda kwa mwingine anayeuza gari ile ile. Saturn ikampa kila mwenye duka eneo kubwa la peke yake. Jirani wa kukupunguzia bei hakuna. Halafu wauzaji wengi wakalipwa mshahara badala ya kuishi kwa asilimia ya kila gari, kwa hivyo hakuna aliyekuwa na njaa ya kukukamua. Ukiondoa njaa na ukiondoa jirani, broka hana kazi.

Na usidhani ni kitu kidogo. Mwaka 1991, gari zikiwa bado mpya sokoni, msomi wa sheria anaitwa Ian Ayres alichapisha utafiti aliofanya Chicago. Alituma watu kwa maduka ya magari, wote wamefunzwa kuongea na kuvaa kwa njia moja. Wanaume weupe wakapewa bei za chini. Wanawake weupe wakapewa za juu. Watu weusi wakapewa za juu zaidi. Unaelewa sasa kwa nini kibandiko cha bei kilikuwa na maana kwa dada mweusi aliyeingia peke yake dukani? Kwake hiyo haikuwa tangazo la biashara. Ilikuwa pumzi.

Halafu kukaja ile ya kulanti, na hii ndiyo iliwafanya watu wapagawe.

Mei 1991, kampuni bado changa, wakagundua kwamba gari kadhaa zilijazwa kulanti mbaya, ile maji ya kupoza injini, na inakula mfumo wa kupoza kutoka ndani. Gari zilikuwa 1,836. Kampuni ya kawaida ingekuambia leta gari tuoshe radieta, tukubadilishie mipira, enda nyumbani. Saturn iliwaambia wenye gari: rudisha hiyo, chukua mpya. Gari nzima! Zile za zamani zikaharibiwa.

Soma hiyo tena polepole. 1,836. Tutarudi hapo.

Mwaka huo pia kulikuwa na mteja mmoja Alaska aliyehitaji kiti cha gari yake kirekebishwe, na huko hakukuwa na duka lao. Kampuni ikatuma fundi mpaka huko na kiti. Ndiyo, waliifanya tangazo la televisheni, hawakuwa malaika. Lakini fundi alienda.

Kwa hivyo wakati kampuni ya kupima ridhaa ya wateja, J.D. Power, ilikuwa inapanga majina, hii gari ya watu wa kawaida ilikuwa inashika namba tatu, nyuma ya Lexus na Infiniti pekee. Hizo ni gari za mabosi. Mwaka 1994 Saturn iliuza zaidi ya gari 286,000, na hiyo haikuwahi kupitwa tena. Juni mwaka huo waliwaalika wenye gari waje Spring Hill waone mahali gari zao zilizaliwa. Wakatokea watu kama 44,000. Manze, familia zimepakia watoto kwa gari, zikasafiri majimbo mawili matatu, likizo nzima, kwenda kuona kiwanda. Mimi sijui brandi gani hapa kwetu inaweza kutoa watu hivyo bila kugawa fulana.

Sasa swali la haki: gari yenyewe ilikuwa fiti?

Hapa wenye gari wenyewe wanakwambia ukweli bila kupepesa, na ndiyo kitu ninapenda kuwahusu. Ile ya kwanza, S, iliyokuja kama saluni, kupe na steshoni, walisema na bado wanasema mambo matatu manne yanayofanana. Kwanza, milango na mabawa yalikuwa ya plastiki. Toroli ya supamaketi ikiigonga, plastiki inabonyea na kurudi. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, ile inayokula chuma za Marekani kama mchwa, haikuwa na la kufanya kwa hizo sehemu. Boneti, paa na buti zilikuwa chuma kama kawaida, kwa hivyo ukiona Saturn mzee leo unaweza kupata mlango unang'aa na boneti imechoka. Pili, mafuta inakunywa kidogo. Tatu, injini yake ya lita 1.9 ilitumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na hata chujio la oili ya giaboksi la otomatiki lilikuwa nje, unalifungua kwa mkono kama la injini. Mtu alijifunza ufundi akiwa amelala chini ya Saturn yake.

Halafu malalamishi. Kwa sababu plastiki hupanuka jua likiwaka, walilazimika kuacha nafasi pana kati ya vipande vya bodi, na gari ikaonekana kama imefungwa na fundi aliyekuwa na haraka. Injini ilikuwa na kelele. Ndani kulikuwa na plastiki ingine ya bei rahisi. Na ile kubwa: ilikula oili. Ringi za pistoni zilikuwa zinashika, kwa sababu pistoni hazikuwa na njia nzuri ya kurudisha oili chini, kwa hivyo inaungua na kutokea kwa ekzosi. Haivuji, chini ni kukavu, wewe unadhani mambo ni sawa, kumbe kijiti cha kupimia hakina kitu. Mwenye Saturn mwerevu alitembea na chupa ya oili kwa buti. Asiyekuwa mwerevu alinunua injini.

Kwa hivyo ukiwasikiliza vizuri, hawakuwa wanaipenda gari sana kama walivyopenda kutendewa kama binadamu. Gari ilikuwa sawa tu. Corolla ilikuwa bora. Na hapo ndipo ngoma ilipokuwa: ukimpa mtu heshima atakusamehe kelele ya injini, lakini atakusamehe kwa muda. Baada ya hapo anataka gari mpya.

Na gari mpya haikuja. Ndani ya GM, wakubwa wa Chevrolet na Pontiac na wengine walikuwa wanaona mabilioni yakimiminwa kwa kitinda mimba wakati wao wanaomba pesa za modeli zao. Roger Smith hayuko tena wa kumtetea. Faida nayo ilikuwa haba. Kwa hivyo Saturn ikaachwa na gari moja kwa karibu miaka kumi, ikibadilishwa sura tu. Wateja walioanza wakiwa mabachela wakaoa, wakapata watoto wawili, wakarudi dukani kutafuta gari kubwa. Dukani kuna ile ile ndogo. Wakapiga mlango pole pole, wakaenda kwa Honda. Saluni kubwa, L, ilikuja mwishoni mwa 1999, na hiyo ilikuwa Opel ya Ulaya iliyobadilishwa nguo na kujengwa Delaware, si Spring Hill. VUE, ile ya juu juu ya familia, ilikuja 2001 wakati kila mtu alikuwa ameshauza ya kwake, na nyingine za mwanzo zilikuja na giaboksi ya kisasa isiyo na gia za kawaida iliyokuwa inakufa mapema mpaka GM ikaongeza muda wa waranti. Ukiwasikia wenye VUE za aina hiyo, wanaongea kama watu waliowahi kuachwa siku ya harusi. Zile VUE za baadaye zenye injini ya Honda ya silinda sita, wenyewe wanazisifu mpaka leo. Injini ya Honda! Ndani ya gari iliyoumbwa kuipiga Honda. Hiyo sitaongeza neno.

Kitu kingine cha pembeni: ile gari ya umeme ya GM, EV1, ilikodishwa kwa watu kupitia maduka ya Saturn kuanzia Desemba 1996, California na Arizona. Zilitengenezwa 1,117, halafu GM ikazirudisha na kuzisaga nyingi yao. Zilianza kukodishwa miaka kadhaa kabla ya Tesla kuanzishwa. Hiyo nayo ina stori yake.

Sasa tufike mahali pabaya.

Mwaka 2002 gari ya kwanza ilipata mrithi, Ion. Tayari kwa wakati huu Saturn haikuwa kampuni ya kando tena kama zamani, GM ilikuwa imeivuta ndani. Ion ilikuwa na dashibodi yenye mita katikati badala ya mbele ya dereva, na waandishi wa magari waliichoma vibaya. Lakini mita si kitu. Shida ilikuwa swichi ya kuwashia gari, pale unapotia ufunguo.

Swichi ilikuwa legevu. Ufunguo ukiwa na mzigo wa funguo zingine, ama goti lako likiugusa, ama gari ikiruka shimo, ungeweza kujizungusha wenyewe na kurudi nyuma hatua moja. Hiyo hatua moja inazima injini. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito ghafla, breki zinakuwa ngumu, na mabegi ya hewa hayafunguki ukigonga. Uko kwa barabara kuu, mwendo wa juu, na gari imekuwa jeneza lenye madirisha.

Karatasi za GM yenyewe zilionyesha kwamba shida ya swichi ilionekana kwa Ion mwaka 2001, kabla hata gari kuuzwa. Gari zikauzwa. Swichi ya aina hiyo ikaingia pia kwa Chevrolet Cobalt na dada zake wengine. Magari yalianza kuitwa yarudi Februari 2014. Hesabu mwenyewe. Mwisho wa siku ni magari kama milioni 2.6, na mfuko wa fidia wa GM ukakubali vifo 124 kwa aina zote hizo za gari. Mary Barra, aliyekuwa ameingia ofisi ya juu Januari mwaka huo huo, aliwafuta watu 15. Mwaka 2015 kampuni ikalipa serikali dola milioni 900 kumaliza kesi ya jinai.

Nilikwambia tutarudi kwa 1,836. Mwaka 1991, nyumba hii ilibadilisha gari nzima kwa sababu ya kulanti. Miaka kumi baadaye, jina ni lile lile mbele ya gari, na swichi ambayo ingebadilishwa kwa pesa kidogo ilikaa zaidi ya muongo. Kuna mwenye Saturn wa zamani aliyemnunulia mtoto wake Ion ya kwenda chuo kwa sababu alikumbuka yale makofi. Watu wa aina hiyo walikuwa wengi, maana ndiyo maana ya kuwa mteja mwaminifu. Hiyo ndiyo sehemu inanikataa kulala kwa hii stori.

Na wakati gari zilipoitwa, duka la kuzirudisha halikuwepo tena. GM ilifilisika Juni 1, 2009. Siku chache baadaye mfanyabiashara Roger Penske, yule wa mbio za magari, akatangaza kwamba atainunua Saturn. Wenye maduka wakapumua. Mpango ulikuwa GM imtengenezee gari kwa muda, halafu atafute mtengenezaji mwingine. Akaongea na Renault. Septemba 30, bodi ya Renault ikakataa, na siku hiyo hiyo Penske akatoka. Kufikia mwisho wa Oktoba 2010 maduka ya Saturn yalikuwa yamekwisha. Cha kushangaza, miaka miwili mitatu kabla ya hapo ndipo walikuwa wamepata gari nzuri kweli: Aura ilichukua taji la gari ya mwaka ya Amerika Kaskazini 2007, na Sky, ile ya paa la kufungua, mpaka leo ukiiona unageuka shingo. Chakula kilifika wakati mgonjwa ameshakata roho.

Kiwanda cha Spring Hill hakikufa. Kilifungwa, kikafunguliwa, na tangu 2022 kinatoa Cadillac Lyriq, gari ya umeme ya bei ya kutisha.

Kwa wale wako na binamu majuu, hasa aliyefika juzi na anatafuta chuma ya kwanza ya kwenda job: Saturn bado zinauzwa huko kwa bei ya kutupwa. Mwambie hivi. S ya zamani ni sawa, acheki oili kila akijaza mafuta na asiamini muuzaji akisema haili. VUE aulize kwanza ina giaboksi gani, na ikiwa ni ile isiyo na gia za kawaida aage. Ion ama Sky, kabla ya kutoa hata senti, achukue namba ya chesisi aiweke kwa tovuti ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani, ni bure, itamwonyesha kama swichi imeshabadilishwa. Kama haijabadilishwa, duka la Chevrolet ndilo la kupigia simu sasa. Na mpaka iwekwe mpya, ufunguo wa gari utembee peke yake, bila wa nyumba, bila wa kufuli ya geti, bila ile kopo ya kufungulia soda.